Uzi maalumu: Deli ya Kiyahudi ya kweli nje ya New York utaipata wapi, na utaijuaje?

Mkata Kidari (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Humu jukwaa la walio ughaibuni haupiti muda bila mtu kuuliza: nimehama New York, pastrami ya maana huku nilikohamia iko wapi? Anatajiwa jina moja la mgahawa, anakwenda, anarudi na manung'uniko. Nimeona niandike kwa kirefu, maana chakula hiki kilinilisha na mimi nikakitumikia. Nilianza kwa kuosha vyombo kwenye deli moja ya Brooklyn, nikasogezwa jikoni, mwishowe nikapewa kisu cha kaunta. Sasa makazi yangu ni Houston, Texas.

Kwa wasiokijua: deli ni mgahawa wa kaunta unaouza sandwichi za nyama za chumvi, hasa pastrami, yaani nyama iliyotiwa chumvi, viungo na moshi. Deli za Kiyahudi zilikuja na Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliomiminika Marekani kuanzia miaka ya 1880 mpaka sheria ya uhamiaji ya 1924 ilipowafungia mlango. Wengi walifikia Lower East Side, Manhattan. Waliotoka Ujerumani walikuwa na maduka ya soseji na nyama za chumvi. Waliotoka Romania wakaja na pastrami, ambayo kwao ilitengenezwa kwa bata bukini au kondoo. Amerika ng'ombe alikuwa rahisi kupatikana, wakahamia kwa ng'ombe. Inasemwa kwamba miaka ya 1930 New York ilikuwa na deli za kosher, yaani zinazofuata sheria za chakula za dini ya Kiyahudi, zaidi ya 1,500. Leo zimebaki chache mno.

Nyama ya pastrami hii ni kidari, au ile ya chini ya mbavu kuelekea tumboni. Sababu ni dini. Kwa sheria za kosher, sehemu ya nyuma ya ng'ombe hailiwi mpaka mshipa mkubwa wa paja na mafuta fulani yatolewe, na kazi hiyo ni ngumu kiasi kwamba wachinjaji wengi wa Marekani hawaigusi kabisa. Basi Myahudi anakula nyama ya mbele, na nyama ya mbele ni ngumu, ina nyuzi na mafuta. Ukiichoma kama mishikaki utaishia kuumia taya. Ndiyo maana ilibuniwa kazi ndefu: inalowekwa siku nyingi kwenye maji ya chumvi yenye vitunguu saumu na viungo, inapakwa pilipili manga na giligilani zilizotwangwa chenga chenga, inapigwa moshi, kisha inaivishwa kwa mvuke mpaka inatetemeka. Kutoka nyama mbichi hadi sandwichi, kidari kinaweza kupoteza karibu nusu ya uzito wake. Mkiona bei ya sandwichi mkashtuka, kumbukeni hilo.

Sasa hoja yangu. Watu wakitafuta deli ugenini wanauliza nyama. Mimi nasema ulizeni mkate kwanza, halafu mvuke. Nyama ndiyo inayosafiri vizuri kuliko vyote. Kipande cha pastrami kinafungwa kwenye plastiki bila hewa, kinapanda ndege New York asubuhi, jioni kiko Denver, na kikitunzwa vizuri hakijaharibika chochote. Deli kadhaa kubwa hufanya hivyo hivyo, na hakuna aibu. Mkate haungoji. Mkate wa rai (rye, nafaka jamii ya ngano) wa Kiyahudi unatakiwa uwe na ganda gumu linalolia ukilikata, ndani uwe na unyevu na uchachu kidogo wa chachu iliyolala usiku, na mbegu za karawei zile zinazofanana na bizari nyembamba. Ukikaa siku moja ganda linakuwa ngozi. Ukifungwa kwenye mfuko wa plastiki ndiyo kabisa. Kwa hiyo mji usiokuwa na mwoka mikate wa Kiyahudi, au mtu aliyejifunza kwake, hauwezi kuwa na deli nzuri hata ukileta nyama ya Katz's yenyewe, ile deli maarufu ya New York. Utapewa pastrami njema juu ya mkate laini wa supamaketi, na ule mkate utalowana mafuta na kusambaratika mkononi kabla hujafika katikati.

Mvuke ni wa pili. Pastrami ikishatoka kwenye moshi bado haijaisha. Inatakiwa ikae kwenye mvuke masaa, na ibaki humo humo ikikusubiri wewe. Mkataji anaitoa moto, anaigeuza aone nyuzi zinaelekea wapi, anakata kwa kisu dhidi ya nyuzi, vipande vinene kama kidole cha mtoto. Nyama iliyoiva hivyo huwezi kuiweka kwenye mashine ya kukatia, itavurugika yote. Hapa ndipo pa kumnasa mwenye duka: ukiona nyama inatoka kwenye friji ikiwa baridi, inapitishwa kwenye mashine inatoka kama karatasi, halafu inatiwa maikrowevu, hiyo siyo deli hata kama ukutani wameandika New York kwa herufi za taa.

Mfano bora wa hoja yangu uko Los Angeles: Langer's, karibu na MacArthur Park, iliyofunguliwa 1947. Kuna watu wa New York wenyewe wanaokiri kimya kimya kwamba pastrami yake inaishinda ya kwao. Siri haiko kwenye nyama peke yake. Mkate wa rai ukifika pale unarudishwa oveni mara ya pili, unakatwa ukiwa moto, ganda linalia. Nyama inakaa kwenye mvuke mrefu na inakatwa kwa mkono. Sandwichi yao maarufu ni namba 19: pastrami, jibini la Uswisi, kabichi ya kuchanganywa na sosi ya Kirusi. Mtaa ule ulipitia kipindi kigumu cha uhalifu, wateja wakaogopa kwenda, duka likawa taabani. Mwaka 1993 treni ya chini ya ardhi ikafunguliwa na kituo kikawa jirani, wafanyakazi wa katikati ya mji wakaanza kushuka wakati wa chakula cha mchana, na duka likapona. Napenda sana habari hiyo. Watu walipanda treni kwa ajili ya mkate na nyama.

Huku kwetu Houston nilipofika nilianza na mkate kama ninavyowashauri. Nikaelekezwa Three Brothers Bakery, Braeswood, upande wa Meyerland ambako Wayahudi wengi wa mji huu wanaishi. Waanzilishi ni ndugu watatu wa ukoo wa Jucker, Wayahudi wa Poland walionusurika kambi za Wanazi. Walikombolewa tarehe 8 Mei 1945, na duka lao la Houston wakalifungua tarehe hiyo hiyo, 8 Mei 1949. Vimbunga vimelipiga duka hilo, Ike mwaka 2008 na Harvey mwaka 2017, na kila mara limerudi. Mkate uliookwa na watu wa namna hiyo haununuliwi kwa haraka haraka. Mimi huwa nasimama pale nikiusoma ukuta wao kabla sijatoa hela. Baada ya hapo nikajua nyama haiko mbali, nikaipata Kenny & Ziggy's, eneo la Galleria, iliyoanza 1999. Mwenye jiko, Ziggy Gruber, ni kizazi cha tatu cha watu wa deli. Pastrami yake nimeridhika nayo, na supu ya kuku yenye matonge ya matzo, mkate wa Kiyahudi usiotiwa chachu, nimeridhika nayo zaidi.

Nawaomba mtaje miji yenu. Lakini msitaje jina tu, semeni mkate ukoje na nyama inakatwaje.

---

Binti wa Tudor

Asante sana kaka kwa uzi huu, nimeusoma wote mpaka chai imepoa. Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio. Kabla sijaanza kutafuta, nina swali ambalo najua ndugu zangu wengi Waislamu humu wanalo. Nyama ya kosher tunaweza kuila? Na je, kila deli ya Kiyahudi ni kosher?

---

Mkata Kidari

Dada yangu Binti wa Tudor, swali lako ni la msingi.

La pili nalijibu kwa uhakika: hapana, siyo kila deli ya Kiyahudi ni kosher. Katz's yenyewe, ya mwaka 1888, maarufu kuliko zote duniani, siyo kosher. Inafungua Jumamosi na inakuwekea jibini juu ya nyama ukitaka. Wenyewe huita "mtindo wa kosher", maana yake vyakula ni vile vile lakini hakuna msimamizi wa dini. Na deli nyingi za mtindo huo nje ya New York zinauza hadi bekoni ya nguruwe asubuhi, kwenye bamba lile lile la kukaangia mayai. Kwa hiyo uliza, usione haya. Deli ya kosher kamili utaijua kwa cheti cha rabi ukutani, kwa kufungwa Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku, na kwa kutokuwa na maziwa wala jibini hata tone, kwa sababu nyama na maziwa havikai pamoja. Ukiona sandwichi ya Reuben yenye jibini, ujue hapo siyo kosher. New York mfano wa yenye cheti cha kosher ni 2nd Ave Deli, iliyoanzishwa 1954 na Abe Lebewohl, ingawa yenyewe hufungua hata Jumamosi.

La kwanza waachie wenye elimu. Wapo masheikh wanaoruhusu kwa kutegemea aya ya 5 ya Suratul Maida, chakula cha waliopewa Kitabu, na wapo wanaosema tafuta halali kwanza kama ipo. Muulize wa msikitini kwako. Ninachojua cha jikoni ni kwamba mnyama wa kosher huchinjwa shingoni kwa kisu kikali sana, na nyama hupakwa chumvi kuvuta damu yote. Nguruwe hayupo kabisa.

---

Kasongo wa Mtl

Bonjour ba ndugu. Miye ni Mukongo wa Lubumbashi, naishi Montreal. Ndugu Mkata Kidari, umesema New York na Los Angeles, Montreal umeiacha! Huku hatuseme pastrami. Tunasema nyama ya moshi, smoked meat, na nyumba yake ni Schwartz's, boulevard Saint-Laurent, tangu 1928. Reuben Schwartz alikuwa Myahudi wa Romania. Nyama yao wanailoweka na viungo siku kumi, haina sukari nyingi sawa ile ya New York, pilipili inasikika zaidi. Unapofika unachagua mafuta: kidogo, wastani, ao mingi. Chagua wastani. Mwenye kuomba isiyo na mafuta anapoteza franga zake.

Mwaka 2012 duka iliuzishwa kwa watu ndani yao René Angélil, bwana wa Celine Dion. Watu wa hapa waliogopa watageuza kila kitu. Lakini foleni iko pale pale kwenye barabara, hata kwenye theluji, na meza unakaa na watu usiowajua.

Kwa mkate nakubali na miye. Ila hapa kuna kitu kingine cha kukuzidi: bageli, mkate wa duara wenye tundu katikati. Saint-Viateur, tangu 1957, na Fairmount. Wanazichemsha kwenye maji ya asali, halafu wanaziingiza kwenye oveni ya kuni. Ni ndogo, tundu kubwa, tamu kidogo. Mimi na bibi yangu tunanunua za ufuta zikiwa moto, na hazifiki nyumbani.

---

Mkata Kidari

Ndugu Kasongo, aksanti. Nakubali Montreal haikustahili kuachwa. Na umegusa jambo la mafuta ambalo watu wa kwetu wengi linawaponza. Wanafika kaunta wanaomba nyama isiyo na mafuta kwa sababu daktari kasema. Kidari kisicho na mafuta kikipikwa masaa yote hayo kinakuwa kamba. Ni heri kula nusu sandwichi yenye mafuta, nusu ukabeba nyumbani, kuliko kula nzima iliyokauka.

---

Mzee wa Stratford

Nimefika London zamani, nilikuja kijana. Kwetu huku jambo hili lipo kwa jina la salt beef. Nendeni Brick Lane, duka la Beigel Bake, lipo tangu miaka ya 1970 na linafungua saa 24. Usiku wa manane utakuta madereva wa teksi, manesi wanaotoka zamu na vijana wanaotoka dansini, wote foleni moja. Unakatiwa nyama moto ya chumvi, inatiwa ndani ya bageli, haradali kali ya Kiingereza na tango la achari. Basi. Haina moshi.

Mtaa wenyewe ni darasa. Pale Brick Lane kuna msikiti ambao jengo lake lilijengwa 1743 kama kanisa la Wahuguenoti, wakimbizi wa Kifaransa. Baadaye likawa la Wamethodisti, likawa sinagogi mwaka 1898, na tangu 1976 ni msikiti wa Wabengali. Wayahudi wengi wamehama kwenda kaskazini ya London, duka la bageli limebaki katikati ya migahawa ya kari. Mimi nikitoka swala ya Ijumaa napita pale nachukua bageli ya lax, yaani samaki samoni wa chumvi, na jibini, maana mambo ya nyama nina tahadhari yangu. Samaki hana mjadala.

---

Mkata Kidari

Mzee wangu shikamoo. Umenikumbusha jambo la kufafanua, wasomaji wasichanganye.

Salt beef ya London na corned beef ya Marekani ni ndugu: kidari kilicholowekwa kwenye maji ya chumvi kisha kikachemshwa taratibu, moshi hakijauona. Pastrami ni hiyo hiyo ikaongezewa kupakwa viungo, moshi na mvuke. Na tafadhali, wale mliokulia Dar mkilishwa nyama ya kopo ya Tanganyika Packers ya Kawe, au Kenya ile ya KMC, hiyo ni kitu kingine. Nyama ya kopo inasagwa na kushindiliwa, hii ni kipande kizima kinachokatwa mbele yako.

Na hilo la samaki, mzee, lina historia yake. Kwa kuwa nyama na maziwa havikai pamoja, New York zilikuwepo aina mbili za maduka: deli la nyama, na duka la samaki wa moshi na jibini laini. Russ & Daughters ya mwaka 1914, mtaa ule ule wa Houston wa Manhattan (siyo mji wangu wa Texas) ilipo Katz's, ni la samaki. Mwislamu mwenye wasiwasi na nyama, duka la aina hiyo linampa raha kamili: lax, samaki heringi wa achari, bageli, saladi ya mayai.

---

Mwana Elgon

Habari zenu. Mimi natokea Mbale, Uganda. Sisi kwetu wako Wayahudi, Abayudaya, walioanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Nimesoma nao shule. Idi Amin aliwapiga marufuku wakasali kwa kificho, lakini wako mpaka leo, na sinagogi lao liko kwenye kilima cha Nabugoye. Hiyo pastrami hawana habari nayo. Wanachinja kuku kwa sheria yao, wanakula na matoke, posho na maharage, Ijumaa jioni mikate yao ya Sabato inaokwa. Kwa hiyo ningeomba mseme chakula cha Wayahudi wa Ulaya Mashariki, siyo cha Wayahudi wote.

---

Mkata Kidari

Mwana Elgon, umesema kweli tupu na nashukuru. Myahudi wa Yemen, wa Moroko, wa Iraki, wa Mbale, kila mmoja ana chungu chake. Hiki tunachokijadili ni chungu cha Romania, Poland, Ukraine, Lithuania na Ujerumani, kilichopikwa upya New York.

---

Ngong Road

Mimi niko Nairobi, nilisoma New York miaka ile, na huku deli ya aina hiyo sijaiona. Boss, kwa vile wewe ulikuwa jikoni, tupe njia ya kutengeneza nyumbani. Nina friji, nina jiko la makaa lenye mfuniko, na nina subira.

---

Mkata Kidari

Ngong Road, subira ndiyo kiungo kikuu, na viungo vingine vyote viko sokoni kwenu kwa bei ambayo sisi huku tunaitamani.

Mwambie mwenye bucha akupe kidari kizima chenye mafuta yake, kilo tatu au nne. Akikuondolea mafuta yote, mrudishie. Acha unene wa nusu sentimita hivi.

Kuna chumvi ya waridi ya kuhifadhia nyama, yenye asilimia 6.25 ya naitraiti ya sodiamu. Waulize watengeneza soseji au wauza malighafi zao. Hiyo ndiyo inayofanya nyama ibaki nyekundu, na ndiyo inayozuia vijidudu hatari wakati wa moshi wa polepole. Kipimo ni gramu 2.5 kwa kila kilo ya nyama, kwa mizani, siyo kwa kijiko wala jicho. Ikizidi ni sumu. Iweke mbali na chumvi ya kupikia na mbali na watoto. Pamoja nayo weka chumvi ya kawaida gramu 22 kwa kilo, sukari gramu 10, vitunguu saumu vilivyopondwa, giligilani, mbegu za haradali, majani ya bay na karafuu mbili tatu. Paka nyama pande zote, ifunge kwenye mfuko mzito, iweke chini kabisa ya friji. Igeuze kila siku. Kipande kinene kinahitaji siku kumi hivi; umeme ukikatika Nairobi kwa muda mrefu nyama ikapata joto, itupe bila huruma.

Ikishakuwa tayari, ioshe, ilowekwe kwenye maji baridi masaa machache, ikaushe. Twanga pilipili manga na giligilani kwa wingi, zibaki chenga, paka kote. Makaa yaweke upande mmoja wa jiko, nyama upande wa pili, juu ya makaa weka vipande vya mti mkavu wa matunda. Mpera ni mzuri. Usitumie mti wenye utomvu kama msonobari, nyama itakuwa chungu. Moshi uwe mwembamba, joto kama nyuzi 110 za Selsiasi, mpaka katikati ya nyama ifike nyuzi 65 au 70.

Halafu mvuke. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, wanadhani nyama imeiva. Weka kwenye sufuria kubwa yenye kichuja cha kuinulia, maji yachemke chini bila kugusa nyama, funika sawasawa, ongeza maji kila yanapopungua. Masaa matatu, wakati mwingine manne. Imeiva kisu kikiingia bila kusukumwa, kama nyuzi 94 hivi katikati. Kata ikiwa moto, dhidi ya nyuzi.

Mkate: rai ni nafaka jamii ya ngano inayopenda baridi. Ukiukosa unga wake, usijidanganye na shayiri. Tumia unga wa ngano wa mkate, chachu ya kulala usiku mzima, karawei, na uoke kwenye oveni kali yenye bakuli la maji chini ili ganda liwe gumu. Hautakuwa rai, lakini utaweza kubeba nyama, na kubeba nyama ndiyo kazi yake. Haradali ya kahawia, siyo ile ya njano. Achari ya matango isitiwe siki: maji ya chumvi, vitunguu saumu, bizari ya majani, siku nne kwenye mtungi ikichachuka yenyewe.

Nyanya, letusi na mayonezi viache vilipo.

---

Binti wa Tudor

Nimerudi na habari wakuu. Nilifuata ushauri wa kuuliza mkate kwanza. Hapa Columbus nimeelekezwa Katzinger's, German Village, ipo tangu 1984. Wana mapipa ya achari unajichotea mwenyewe, na mkate una ganda. Siyo kosher, kwa hiyo nilikula samaki. Mume wangu, ambaye sheikh wake kamruhusu kula, alikula nyama na alinyamaza mpaka akamaliza.

Lakini shemeji yangu wa Cleveland ananiambia huko kuna Slyman's, wanapanga foleni asubuhi kwa ajili ya corned beef, na walioianzisha ni familia ya Walebanoni! Hiyo tuihesabu?

---

Mkata Kidari

Ihesabu, dada. Slyman's ipo tangu 1964 na sandwichi yake ya corned beef inasifiwa nchi nzima. Siyo deli ya Kiyahudi, hutapata supu ya matzo wala ini la kuku la kusaga, ila wanaikata nyama moto, nyingi, juu ya rai. Kazi hii haiko kwenye damu. Brooklyn pale nilipofanya kazi, mwenye mali alikuwa Myahudi mzee, lakini waliosimama kwenye kaunta walikuwa watu wa Puerto Rico, Dominika, Misri, na mimi. Tulifundishwa na yeye, na tulikuwa tunafundishana. Mkono wa mkataji haukuulizwa umezaliwa wapi.

Na kwa kweli bila watu wa nje kazi hii ingekuwa imezikwa. Stage Deli ilifungwa 2012. Carnegie, ya tangu 1937, ilifunga milango tarehe 31 Desemba 2016, foleni ikiwa imezunguka kona mpaka siku ya mwisho. 2nd Ave Deli nayo ilipoteza nyumba yake ya East Village mwaka 2006 kwa ugomvi wa kodi, ikafufuka mtaa wa 33 mwishoni mwa 2007. Kodi za Manhattan, bei ya kidari, na watoto wa wenye deli waliosomeshwa kwa pesa ya sandwichi wakawa mawakili na madaktari. Siwalaumu. Baba zao waliamka saa tisa usiku ili wao wasiamke.

---

Ngong Road

Kidari kiko kwenye friji tangu jana, kilo tatu na nusu. Swali la mwisho: nikipika chote siku moja hakitaisha. Kilichobaki nikipashe vipi?

---

Mkata Kidari

Usikikate. Kata unachokula tu, kilichobaki kiache kipande kizima, kipoe, kifunge vizuri ukiweke friji. Siku ya kula kirudishe kwenye mvuke saa moja, au zaidi kikiwa kinene, ndipo ukikate. Ushauri ni huo huo kwa wanaoagiza nyama kwa posta: omba kipande kisichokatwa. Maikrowevu isikiguse.

Na picha ya mkate utuwekee, ukiwa umekatwa katikati ili tuone ndani.